Miti ya Mpaka Ndani ya Kompyuta ya Mkononi

Kompyuta yangu ya mkononi imefikia umri wa kuoa. Kioo chake kilipasuka tulipokimbia vita kijijini kwetu Muheto kwa pikipiki, kwa hiyo njia pekee ya kutoa yaliyomo ilikuwa kuiunganisha na kompyuta nyingine. Na yaliyomo yalikuwa shamba letu.

Zamani baba alinitembeza kwenye mpaka, jirani akiwa nasi kama desturi inavyotaka, akitaja kila mti na aliyeupanda, ili nishike kichwani. Mimi, mtu wa chuo kikuu, niliona aibu kukariri kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaandika kwenye mashine. Sasa baba amekufa, miti imekatwa kuni, na kesho chefu, mkuu wa eneo letu, atapanda mlimani kusikiliza nani anaujua mpaka. Dada yangu mkubwa hana mahali pengine pa kupanda maharage.

Mimi na dada tulikuwa mjini Kitshanga, katika duka la fotokopi. Nilichomeka waya wa kitako cha mashine kwenye adapta, adapta kwenye kompyuta ya duka. Kimya. Nikageuza waya. Kimya.

"Papa, hii haiko mashini, iko mufupa," akasema mwenye duka. "Mapile yake iko na nguvu?"

Betri zilikuwa zimechoka. Nilikuwa nimesoma kitabu chote cha maelekezo ya mashine: ukizibadilisha, kumbukumbu inasubiri dakika moja bila kufutika. Nilimweleza hayo bila kuulizwa. Nikazitoa, nikaweka mpya haraka kuliko kupiga chafya. Kitabu kiliandikwa mashine ikiwa mpya, sikuwaza kwamba uzee ulikuwa umeila dakika hiyo.

Safari hii kompyuta mbili zikaungana mara moja. Nilipiga makofi. Kisha orodha ikafunguka kwenye kompyuta ya duka: maandishi, hakuna; anwani, hakuna; mwenye kifaa, andika jina lako, kama mashine iliyonunuliwa leo.

Dada alikuwa akiniangalia usoni.

"Mudogo yangu, Papa yetu alikutembeza asubuhi muzima. Haukushika hata muti moja?"

"Wa kwanza ulikuwa karibu na maji."

"Kule mulima yote iko karibu na maji."

Mwenye duka akajifanya anapanga karatasi. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba aliyebaki anayeijua miti ile ni jirani, yuleyule anayelidai shamba.

Dada akakaza kitenge chake.

"Simama. Tutaenda kumupigia jirani magoti kabla chefu afike. Na wewe ndiyo utaanza kusema, wewe ulisoma."