Sufi ya Mto wa Bibi

Nakumbuka vizuri siku niliyouchana mto wa bibi yangu, mwanangu, pengine vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie. Nimeikumbuka tena juzi ulipoleta michoro yako ukaniuliza kipimo cha mfarishi wa kufunga chini ya susu, maana unataka kwenda kulala mlimani Jabal Shams na wenzio baridi hii. Kipimo nitakupa. Lakini kwanza kaa unisikilize, na simu hiyo iweke chini.

Bibi yangu, mama yake baba, alifariki hapa hapa Al Amerat, katika chumba unachosomea wewe. Siku chache kabla aliniita peke yangu. Alikuwa na mto mmoja mdogo wa kitambaa cha marekani, umejazwa sufi ya Unguja, aliokuja nao walipohamia Oman. Mto ule haukulaliwa na mtu mwingine. Sisi wajukuu tukiuchezea tulichapwa, na bibi hakuwa mtu wa kuchapa watoto.

"Nnakwambia wewe kwa sababu una gari," alisema. "Nikishaondoka, mto huu mpelekee Mwanaidi, Mawaleh. Usiufue, usiufungue. Umtie mkononi mwake mwenyewe."

"Inshallah, bibi," nikamjibu.

Bi Mwanaidi alikuwa shoga yake tangu usichana wao. Nyumba yake haikuwa mbali na soko la matunda na mboga, na mimi sokoni hapo nilikwenda kila Ijumaa asubuhi. Basi kila Ijumaa nilinunua vitunguu na nyanya, nikapita njia ya nyumba yake, nikarudi zangu. Mara mto nimeusahau nyumbani, mara nimeukumbuka lakini nna haraka. Nikautia ndani ya mfuko wa nailoni nikauweka juu ya kabati, nikajiona mtu mwema kwa kuukinga na vumbi. Miezi sita ikapita hivyo.

Baridi ilipoingia, nikapata wazimu huo huo ulioupata wewe. Mwenzangu mmoja wa ofisini, Khamis, alinifundisha kulala katika susu, kile kitanda cha kitambaa unachokifunga baina ya miti miwili. Mara ya kwanza mlimani nilijifunika mablanketi matatu na mgongo ukaniganda. Ndipo nilipoelewa. Blanketi unalolilalia linabanwa na uzito wako, hewa yote inatoka, na lisilo na hewa ndani halitii joto. Halafu chini yako upepo unapita bure. Dawa yake ni mfarishi usiolaliwa, unaoning'inia nje, chini ya susu, umeugusa mgongo bila kubanwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo niliuchora mfarishi huo kama ninayejenga. Nilikwenda Ruwi nikanunua kitambaa chepesi cha nailoni, kile kinachozuia upepo. Nikakata vipande viwili, nikasimamisha kuta za wavu baina yake, nikapata vyumba vinane vya kutia ujazo. Pembeni nikapinda upindo mpana nikapitisha kamba za mpira. Kilichonishinda ni ujazo. Pamba nilijaribu, ikawa nzito, susu ikalegea. Nilichotaka ni sufi, nyepesi na yenye joto, na sufi Maskati nzima sikuipata.

Nikainua macho juu ya kabati.

Usinitazame hivyo. Nilijiambia Bi Mwanaidi ni mzee, ana mito yake, atafanya nini na kijimto kikongwe. Nilijiambia nitamnunulia mwengine mzuri zaidi. Nikachukua wembe nikauchana mto, na sufi ikaruka chumba kizima, ikanukia udi na mafuta ya nywele ya bibi kana kwamba ameingia mlangoni. Nikafungua dirisha harufu itoke, haikutoka. Katikati ya sufi mkono wangu ulikuta donge gumu, nikadhani ni sufi iliyogandana, nikalisukumia katika chumba cha sita pamoja na iliyobaki. Kila chumba nilikijaza sawasawa, nikakipima kwa kiganja, nikashona.

Nilijaribu kazi yangu barazani, nimefunga susu kwenye nguzo mbili. Wallahi, mgongo ulipata joto mara moja. Joto lenyewe halikuwa la nguo, lilikuwa kama la mtu aliyekaa nyuma yako. Nikafurahi. Nilipoteremka nikaona susu haikupanda juu kama inavyopanda ukishaondoka, imebaki imezama kidogo upande mmoja. Nikazilaumu kamba.

Wiki ile ile mimi na Khamis tukapanda Jabal Shams. Yeye alilala ndani ya gari, mimi nikafunga susu yangu baina ya mizeituni miwili ya mwituni. Usiku wenyewe sina cha kuusimulia, nililala tu. Alfajiri tukasali pamoja, na Khamis akaenda kuchemsha kahawa nyuma ya gari. Mimi nikarudi kujilaza kidogo nikisubiri jua.

Baridi ilinipata kama maji. Mgongo wote, mabega, kiuno, ilikuwa kana kwamba mfarishi haupo. Isipokuwa sehemu moja tu, chini ya ubavu wa kulia, kadiri ya kiganja, hapo palikuwa na joto. Nikajisogeza nipaelekee. Ndipo kitu kikanisukuma. Kitu kidogo, cha mviringo, kama kisigino cha mtoto mchanga anapojinyoosha usingizini. Kwanza nikadhani nimelalia jiwe, halafu nikakumbuka kuwa chini yangu hapana kitu ila hewa.

Nikateremsha mkono polepole nje ya susu nikapapasa mfarishi kwa chini. Chumba cha kwanza kitupu, nailoni juu ya nailoni. Cha pili kitupu. Cha tatu, cha nne, cha tano. Cha sita kilikuwa kimejaa hata kimekaza. Nilipokigusa kikatulia, kama anavyotulia mtoto ukimwekea mkono.

Nilikuwa nimeshasimama chini, bila viatu, Khamis alipokuja na vikombe vya kahawa. Akaitazama susu, akanitazama mimi.

"Wewe una akili?" akanigombeza kwa sauti ya chini. "Mbona hukunambia umekuja na mtoto na baridi yote hii?"

"Mtoto gani, Khamis?"

"Si huyo aliyelala humo. Nimemuona kajikunja, wakati ule ulipokuwa unavaa viatu kwenda kutia udhu."

Akaja kuangalia, akakuta susu tupu. Kahawa ile hatukuinywa. Niliufungua mfarishi nikauangalia uzi kwa uzi kwenye mwanga, na mishono yangu yote ilikuwa mizima. Ni kweli, mwisho wa kila ukuta niliacha upenyo wa vidole viwili ili niweze kusawazisha sufi baadaye. Basi wewe sema ilipita hapo. Sema tu, mimi sikukatazi. Lakini mimi niliuona na nilikuwepo.

Nikaulaza mfarishi kiti cha nyuma, tukateremka mlima kuelekea Mawaleh. Njia nzima Khamis alikuwa anasoma alichokuwa anasoma kimoyomoyo. Tulipofika chini akaunyoosha mkono, akageuza tundu la hewa ya moto lielekee nyuma. Hakuna aliyemwomba, na sisi wenyewe tulikuwa tunatetemeka.

Bi Mwanaidi nilimkuta uani, amekaa juu ya mkeka kwenye jua. Macho yake yalikuwa yameshakwisha nuru, na amekonda tangu nilipomuona mazikoni kwa bibi. Khamis alibaki nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Kila Ijumaa huja sokoni, nnaambiwa. Leo umekosea njia?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikampakatisha mfarishi nikaanza kueleza, naye akainua kidole ninyamaze. Vidole vyake vikapita juu ya vyumba vitupu bila kusimama, vikaenda moja kwa moja kwenye cha sita. Akakikumbatia kifuani.

"Fungua hapa," akasema. "Taratibu."

Nikauchana mshono kwa wembe wa kukatia kucha zake. Ndani ya sufi yote ya mto ule, iliyojikusanya ikajizungusha kama kiota, lilikuwamo lile donge. Halikuwa sufi. Lilikuwa kijishati cha mtoto mchanga, kimekunjwa mara nne, kimefungwa uzi mweupe. Mkono wangu ulikuwa bado baridi, na kijishati kilikuwa na joto.

"Salma wangu," akasema Bi Mwanaidi. "Baridi ya kwanza tuliyofika huku. Tulipewa nyumba ya mawe huko bara ya Oman, hatuna tandiko wala blanketi, na sisi tumetoka Unguja, baridi hatuijui. Bibi yako akautoa mto wake tukamlaza juu yake. Akafa alfajiri, ana siku thalathini na nane. Mume wangu akasema nikikaa na kijishati hiki ntaingia wazimu, nikichome. Bibi yako akakishona ndani ya mto wake. Akanambia, Mwanaidi, ntakilalia mie, hakitapoa. Na kweli umri wake wote alikilalia. Tukaahidiana, akitangulia anirejeshee."

Akakipapasa kijishati.

"Miezi sita, baba. Miezi sita umemuweka juu ya kabati."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na wakubwa kazini, nimewahi kuzabwa kofi na baba yangu mbele ya watu. Hakuna lililonifika kama maneno yale, na aliyasema bila kupandisha sauti. Nililia kama mtoto mdogo. Aliniacha nikalia mpaka basi, halafu akaniamuru nichukue sindano.

Nilishona mto mpya pale pale, mbele yake, kwa mkono, kwa kitambaa cha kanga yake aliyonipa. Sufi ile ile, hata chembe sikuiacha uani. Kijishati nikakiweka katikati. Ilikuwa adhuhuri nilipofunga uzi. Akauweka mto mkekani, akauegemeza shavu, akafumba macho yale yasiyoona.

"Haya, lala sasa," akasema kwa upole, na sikujua ananambia mimi, anajiambia nafsi yake, au anamwambia nani.

Najua masheikhe watasema nini kuhusu niliyokuhadithia, na mimi sikuombi uamini kila kitu. Nakuomba haya tu. Aliyekufa akikuachia neno, lipeleke kabla hujanawa mkono wa chakula cha matanga. Usimhukumu mtu kwa kitu chake cha zamani ukasema hakina thamani, hujui alikiwekea nini ndani. Na usimwambie mgonjwa inshallah ili anyamaze.

Kipimo chako ni hiki: urefu kuanzia mabegani mpaka magotini, upana mikono miwili, vyumba vinane, na mfarishi uuguse mgongo bila kubanwa. Nyuzi ziwe madhubuti, na hizo kuta usiziachie upenyo. Sufi kanunue. Siku hizi inapatikana, mtu akitoka Unguja anakuletea.

Bi Mwanaidi alifariki kabla baridi ile haijaisha. Aliacha wasia mmoja, nikaletewa hapa mlangoni: mto apewe yule aliyechelewa. Ndio huo ninaolalia, wa kanga, ambao wewe huniuliza kila siku kwa nini siubadilishi. Siku yangu ikifika utakuwa wako. Usiufue, usiufungue, usiuweke juu ya kabati. Uulalie tu, na ukihisi kitu kinajinyoosha chini ya shavu lako alfajiri, usiogope, weka mkono na kitatulia.

Nenda mlimani salama, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mgongo wenye joto na miguu myepesi ya kufikisha ulichokabidhiwa, na akupe na wewe mtu atakayekulindia joto lako utakapokuwa huwezi kulilinda mwenyewe. Amin.