Mstari Wenye Jina Langu

Habari imepanda kutoka Beni pamoja na gari la kakao: fundi aliyetunza mashine za ofisi yetu hapa Butembo amefariki, na wamekwisha kumzika huko kwenye mtaa mmoja wa mji ule, komini ya Ruwenzori. Tangu nisikie, siku zinanipitia kama ukungu wa asubuhi wa Vulamba, mtaa ninakokaa. Paa la jirani lipo, halipo, lipo tena. Ndani ya ukungu huo namwona ameketi mbele ya skrini, kofia ya sufu kichwani, kwa maana baridi yetu hakuizoea kamwe.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba zamani niliongoza ofisi iliyoingiza majina ya ubatizo katika mashine, ili watu waliokimbia vijiji vyao bila karatasi wapate vyeti. Mashine ilikuwa ya Unix, mfumo wa kompyuta unaotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Kila mmoja aliingia kwa jina lake, lakini lilikuwapo jina moja kuu, lenye uwezo wa kubadili na kufuta chochote. Fundi alipanga kikundi kidogo: waliomo tu ndio walioweza kuhama kutoka jina lao hadi lile kuu. Siku moja nikaona orodha. Ilikuwa na watu wawili, yeye na mwenzake. Kwetu mkubwa hakosi kwenye orodha, iwe ya harusi au ya matanga, nami nikaona nimedharauliwa. Alicheka polepole, akaniita Papa, yaani baba, kama walivyowaita wazee wote, na Kifaransa kidogo juu yake.

"Mais Papa, hii hapana kiti ya heshima. Ni mulango."

Nikamjibu kwamba kwa mlango wa nyumba yangu siombi ruhusa. Akaniandika, akanipa na neno la siri.

Wiki nzima nilihamia jina lile kila asubuhi bila kazi yoyote, kwa utamu wake tu. Kisha nikafuta folda niliyodhani ni kuukuu. Yalikuwa majina ya parokia nzima, kazi ya siku nyingi ambayo nakala yake ilikuwa haijatolewa. Watu waliopanda kutoka Beni kutafuta vyeti walirudi mikono mitupu. Kamati iliyosimamia ofisi ilipouliza nani amefuta, nilitazama meza. Wakasema mwenye kutunza mashine ndiye mwenye kosa, wakamwachisha kazi.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Alinipa karatasi iliyokunjwa. Kumbe mashine huandika kila anayehama: saa, jina alilotoka, jina aliloingia. Kwenye mstari wa saa ile folda ilipofutwa, jina la aliyehama lilikuwa langu.

"Nilikuwa nayo mu mufuko siku ya kamati," aliniambia. "Nilikuwa nangojea Papa mwenyewe aseme."

Barabara ya Beni ilikuwapo miaka yote hiyo, nami sikushuka kumwomba radhi. Karatasi imo ndani ya kitabu changu cha sala. Wino umefifia, jina bado linasomeka. Nilichojifunza ni kidogo, tena kwa kuchelewa: anayepewa kuvaa jina kubwa atarudi siku moja kwenye jina lake dogo, na ndilo litakaloitwa. Kamati iliuliza nani. Ni mimi.