Ugali wa Mlangoni

"Mkitaka kujua kama chakula changu kina nguvu, niangalieni mimi!" Nakhungu aliwaambia waumini wote siku ya mchango wa kanisa, akajizungusha kama gari jipya linaloonyeshwa wanunuzi. Watu walicheka, na Jumatatu kibanda chake cha chakula pale Obunga kikafurika.

Mwaka uliofuata akapimwa kliniki, akakutwa na ugonjwa wa sukari. Daktari akamwambia aache ugali na chapati, ale dagaa wa omena, mayai na mboga. Nakhungu alitii. Baada ya miezi minne sukari ilishuka, miguu ikaacha kuwaka moto, na gauni lake la kanisani likaning'inia kama pazia.

Lakini wateja nao wana macho. "Mama, mbona unakauka hivi?" aliuliza Okello, fundi wa pikipiki, bila kuketi. "Na siku hizi huli chakula chako?"

"Ni sukari, Okello. Daktari amenikataza ugali."

"Sukari! Kila anayekonda husema ni sukari, kuficha ule ugonjwa mwingine." Akavuka barabara kwenda kula kwa jirani, na wengine wakamfuata.

Basi Nakhungu akaweka kiti mlangoni, akawa anakula ugali kila mchana mahali wote wamwone. Mwili ulirudi. Okello pia alirudi. Lakini sukari nayo ilipanda, kidonda kikamtoka kwenye kidole cha mguu, hakikupona, na mwezi wa Juni mguu ukakatwa chini ya goti.

"Pole sana, Mama," Okello humwambia siku hizi akinawa mikono. "Niletewe ugali."

Sahani ya ugali ni shilingi thelathini.