Kanga ya Mama Kissa Kwenye Kiti cha Kushoto

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mwache kucheka kabla sijafika pa kuchekea, maana nawajua. Mimi bibi yenu ninayewakaripia mkichelewa ibada, mimi ninayekataza kelele mezani, niliwahi kuaibika mbele ya soko zima la Mbalizi, mchana kweupe, na aibu yenyewe nilijitafutia kwa mikono yangu miwili. Shule nilisoma ya kuweza kufungua Biblia tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na anayetaka Kiswahili cha mwalimu aende kwa mwalimu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tunakaa Mbeya, watoto bado wadogo. Babu yenu, wakati huo tukimwita Baba Atupele, alikuwa makenika. Kule Makongolosi kulikuwa na Mzungu mmoja wa dhahabu, dhahabu ikamkataa, akafunga mizigo kurudi kwao, akamwachia babu yenu gari lake bovu kwa sababu alikuwa anamtengenezea pampu zake. Gari gani sasa! Jekundu, fupi, halina paa ila turubai la kukunja, lile gari la Wazungu la kushindania mbio, viti viwili tu, cha dereva kulia na kimoja kushoto, basi. Springi zake zilikuwa zimekatika, likaletwa hadi uani kwangu likivutwa na ng'ombe. Likawekwa kando ya banda la kuku, na kuku wangu wakaacha kutaga.

Kuanzia hapo sikuwa na mume. Akitoka kazini anaingia chini ya gari, chai naipeleka chini ya gari, salamu naitoa kwa miguu yake. Alikuwa ameokota springi ya lori, ile ya vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akachukua chuma kimoja akakikata na kukikunja kwa moto, akakiongeza kwenye za gari, akapaka grisi katikati ya kila chuma kwa kidole kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Akazijaza shokomzoba oili nzito ili gari lisirukeruke. Akakata vipira kwenye tairi kuukuu, vipira vya kuweka pale springi inaposhikana na gari, anavisugua, anavipima, anavipuliza. Mimi nimemzalia watoto, mgongo wangu unauma kwa kulima, hajawahi kunipulizia hata jicho likiingia vumbi!

Ndipo jirani yangu mmoja akaja, ameshika kiuno, nikajua tu ana jambo.

"Mama Atupele, hivi lile gari lina viti vingapi?"

"Viwili. Kwani hujui kuhesabu?"

"Najua. Ndiyo maana nauliza, maana jana kwenye njia ya Mbalizi vyote viwili vilikuwa na watu, na wewe nilikuacha hapa unapepeta ulezi."

Aliyekuwa kwenye kiti cha kushoto ni Mama Kissa. Mama Kissa alikuwa mjane, anauza viazi Mbalizi, mwanamke mnene hasa, mzuri wa uso, anacheka mpaka mtu unacheka naye kabla hujajua mnacheka nini (mimi nilikuwa mwembamba kama mpini, na kucheka sijawahi kujua). Alikuwa na kanga yake ya njano, Mbeya nzima iliijua.

Jioni nikamsubiri mume wangu. Akaanza, "Mama Atupele, kuhusu hili gari, nataka nikueleze..." Nikamkata: "Usinitajie hilo gari ndani ya nyumba hii. Hata neno springi sitaki kulisikia." Akarudi chini ya gari lake. Alikuwa mtu mtii, na utii wake ndio ulioniponza, maana alichotaka kunieleza ningekisikia siku ile, leo nisingekuwa na la kuandika.

Basi siku ya soko, asubuhi, baridi ya Mbeya ile ya kukata masikio, nikaenda kulikagua gari. Kwenye kiti cha kushoto nikakuta nini? Kanga ya njano. Imekunjwa vizuri, kabisa, kama iko kwake. Damu ikanipanda. Hapo hapo nikasikia mume wangu anakuja anapiga mluzi. Ningesimama tu, nimuulize kwa mdomo, jambo lingeisha. Lakini nyuma ya viti palikuwa na kijinafasi cha mizigo, pale turubai linapokunjiwa, na mimi nilikuwa mdogo, nikajilaza humo nikajifunika turubai. Nikasema moyoni, leo nitawakamata wote wawili.

Gari likaondoka. Niseme ukweli ingawa nilikuwa na hasira: lilikwenda vizuri. Barabara ile ilikuwa imejikunja kama bati, kwenye lori meno yanagongana, lakini mle ndani nilikuwa nabembea kama mtoto mgongoni. Nikazidi kukasirika. Kumbe raha yote hii anapewa mwingine!

Kabla ya kufika sokoni akasimama mbele ya nyumba fulani. Injini inanguruma, nasikia vipande tu. Mlango ukafunguliwa. Gari likalala upande wa kushoto, nyiii, nikajua huo ni uzito wa Mama Kissa, hakuna mwingine Mbalizi. Kisha nikamsikia mume wangu kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia tangu aliponioa:

"Egemea, usiogope. Nimezilainisha kwa ajili yako."

Mwe! Nilaumuni basi. Nikachungulia chini ya turubai, nikaona bega pana, na juu yake kichwa kimefunikwa kanga ya njano, upepo unaipeperusha. Hata kukohoa alikohoa kwa maringo.

Gari likaenda mpaka sokoni, mahali penye mteremko, likazimwa. Mume wangu akashuka. "Ningoje hapo, nakufuatia ugoro." (Nikajiambia, na ugoro ananusa, mwanamke huyu!) Nyayo zake zilipokwisha kusikika nikatoka turubaini kama paka kwenye gunia, nikaishika kanga kwa mkono wa kushoto, nikaivuta, na kwa mkono wa kulia nikazaba kofi la sikio, huku nikipiga kelele soko lote lisikie:

"Toka kwenye kiti cha mume wangu!"

Chini ya kanga palikuwa na upara.

Sasa hapa vijana lazima niwaeleze, maana ninyi mnakaa na wakwe zenu mnakunywa nao soda. Kwetu Wanyakyusa wa zamani, mwanamke alikuwa hakutani na baba mkwe wake. Akitokea njiani, unaingia porini. Akikohoa, unatoka kwa mlango wa nyuma. Humtazami, humtaji jina, huli alipo. Mimi tangu niolewe nilimkimbia baba yake mume wangu kwa heshima zote, nikamkimbia vizuri mno, hata sura yake siijui, sauti yake siijui, sembuse kisogo chake. Wanawake wengine wote duniani wangemtambua mkwe wao kwa mabega. Mimi nilimtambua kwa sababu alipogeuka alikuwa na pua ya mume wangu.

Tukatazamana. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye sikio lake.

"Mwe!" alisema Taata, na hilo ndilo neno la kwanza baba mkwe wangu aliloniambia maishani.

Akafunika uso kwa kofia aliyokuwa ameipakata, akaruka nje ya gari, mzee aliyekuwa haruki hata mfereji kwa ajili ya kiuno. Na uzito ule ulipotoka ghafla, springi zikainuka, gari likatikisika, breki ya mkono ilikuwa dhaifu (kwa nini asiitengeneze, siku zote anahangaika na springi tu), likaanza kuteremka. Mimi niko nyuma, miguu imenasa kwenye turubai, kanga ya njano mkononi, napita katikati ya soko kama bibi harusi. Watu wanaruka kulia na kushoto. "Shika usukani, mama!" "Usukani uko wapi?" Nikapita mafungu ya mkaa, nikapita kuku, gari likapanda juu ya lundo kubwa la viazi, likainama, likainuka, likatulia.

Nyuma ya viazi amesimama Mama Kissa mwenyewe, kichwa wazi, mizani mkononi.

"Mama Atupele," akasema, "kama ulikuwa unanitafuta, mimi niko huku."

Soko likaangua kicheko. Yeye naye akacheka, na viazi vyake vimepondeka.

Mume wangu akaja mbio. Nikanyoosha mikono anitoe. Akanipita! Akalala chali chini ya gari, nikamsikia anagonga huku na huku, kisha akatoka na tope usoni, anatabasamu.

"Hata moja haijakatika," akasema.

"Na mimi je?"

"Wewe huna springi. Utapona."

Ndipo nikaelezwa pale pale, juu ya viazi. Taata alianguka akiezeka nyumba, kiuno kikaharibika, lori hawezi kupanda. Binti yake, wifi yangu, ameolewa Kilolo kule Iringa, amejifungua, na mzee alitaka kumwona mjukuu huyo kabla hajafa. Ndiyo maana ya springi zote zile. Alikuja polepole kwa mkokoteni wa ng'ombe, akafikia Mbalizi kwa ndugu yake kwa sababu nyumbani kwetu nilikuwepo mimi. Na vile vipira havikazwi gari likiwa tupu, vitajipinda. Lazima akae mtu wa uzito ule ule wa msafiri wakati bolti zinakazwa, halafu gari lijaribiwe barabarani, na kiuno cha mzee kisingevumilia majaribio yote hayo. Mwenye uzito wa Taata Mbalizi nzima alikuwa Mama Kissa, naye alipata njia ya kufika sokoni. Kanga aliisahau, mzee akajifunika upepo.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ulinikataza nisilitaje gari."

Taata alikuwa bado amesimama nyuma ya mkokoteni, kofia usoni, ananisubiri niondoke ili atoke. Sikuwa na cha kujifunika ila ile kanga ya njano. Nikajitanda, nikarudi Mbeya kwa miguu, na njia nzima watu wananisalimia, "Mama Kissa, mbona umekonda?"

Wazee walikaa, jogoo akachinjwa, pombe ikanywewa, nikasamehewa. Taata alimtuma mama mkwe aniambie kwamba sikio linasikia vizuri kuliko zamani. Akaenda Iringa kwenye kiti kile cha kushoto, akampakata mjukuu, akarudi anasifu barabara. Mimi nami safari hiyo hiyo nilitakiwa nikampongeze wifi, nikapanda lori, juu ya magunia ya mahindi, vumbi mpaka kooni, mbavu zinahesabiana. Gari jekundu lilitupita polepole, linabembea. Nikainamisha kichwa kati ya magunia nisimwone mkwe wangu, na wivu nilioumeza hapo, wajukuu zangu, siwafichi, ulikuwa mchungu kuliko vumbi.

Niliporudi niliwakusanya wote uani, baba, watoto, na kuku wakisikia, nikatoa amri ambayo mpaka leo mnaifuata bila kujua ilikotoka: katika nyumba hii, kabla gari halijaondoka, kila anayepanda afunue kichwa, ataje jina lake kwa sauti, aseme anakwenda wapi; nyuma ya viti asilale mtu; na Mama Kissa, ingawa ni mwanamke mwema na hana kosa lolote, apande lori.