Udongo Uliokauka Ukazidi Uzito

Nichekeni tu, mafundi walishanicheka wakachoka.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, siamini kitu mpaka nikipime. Huko Kitengela, Kajiado, nilipewa kazi ya majaribio kwenye ujenzi: nipime unyevu wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ulioshindiliwa, ndipo injinia aruhusu zege kumwagwa. Nikikosea, narudi nyumbani.

Nikapima udongo mbichi ndani ya sufuria: kilo tatu. Nikauacha ukauke kwenye jiko la Mama Atieno, mpishi wetu. Niliporudi nikaupima tena, macho kwenye mizani: kilo nne!

Maji yametoka, uzito umeongezeka? Nikarudia mara tatu. Labda vitabu vinadanganya. Labda udongo wa Kajiado unavuta kitu hewani. Nikamwita injinia na mafundi wote, nikaanza kuwaeleza ugunduzi wangu.

Mama Atieno akaja na mwiko. "Wewe wa digrii, ukimaliza kuhubiri unirudishie karai yangu."

"Karai gani, mama?"

"Si hiyo ya chuma uko nayo! Sufuria nilitaka ya ugali, nikakuhamishia matope yako humo."

Injinia akaitazama mizani, kisha mimi. "Kijana, umetilia shaka vitabu vyote. Karai je, hukuitilia shaka?"