Mursik ya Gari la Mwisho

Kila nikifungua kibuyu cha maziwa lala, harufu ya mkaa wa mti wa senetwet uliosuguliwa ndani yake hunirudisha kwenye barabara ya udongo upande wa Mulot, asubuhi moja ya Pasaka, miaka ya tisini, mvua ikinyunya.

Mbio za magari zilikuwa zikipita kwetu. Madereva wa ng'ambo walitangulia, wakatuachia matope usoni. Sisi tulimngoja Mkenya wetu, aliyetajwa redioni kila jioni. Bibi yangu, tuliyemwita Kogo, alikuwa amemwandalia mursik, maziwa ambayo sisi Wakipsigis humpokea nayo mkimbiaji anayerudi na ushindi. Alikikumbatia kibuyu chini ya leso tangu tulipotoka ibadani.

"Kogo, na akipita mbio hivyo utamnywesha aje?" akauliza binamu yangu Kiprono. Watu wakacheka.

"Kibuyu kilichotolewa kwa mgeni hakirudi nyumbani kimejaa," akajibu.

Mkenya wetu alikuja wa mwisho kabisa, na gari lake likakwama mbele yetu. Akashuka, akatazama saa, akashika kichwa. Asipofika kituo cha mbele kwa wakati, angeondolewa mashindanoni. Wanaume wakatia mawe na matawi chini ya magurudumu, sote tukasukuma, naye akakanyaga mafuta hadi gari likapanda tuta. Aliposimama kutushukuru, Kogo alikuwa tayari dirishani.

"Kogo, hiyo ni ya washindi!" Kiprono akapaza sauti. "Huyu si ameachwa na kila mtu?"

Niliona haya. Nilidhani bibi, asiyejua mambo ya mashindano, amekosea mtu. Yeye akamimina kwenye kifuniko cha kibuyu.

"Kunywa, mwanangu. Umefika."

Dereva akavua helmeti, akanywa yote. Alipotabasamu, meno yake yalikuwa na weusi wa mkaa. Akaondoka.

Jioni redio ilisoma majina ya waliobaki mashindanoni. Lake halikuwemo. Kogo akamtaja katika sala pamoja na sisi wajukuu, kisha akatugawia ugali.

Sasa mimi ni mzee wa kanisa, na kazi yangu ni kusimama mlangoni nikipokea watu. Wapo wanaorudi kutoka mbali mikono mitupu, wakitafuta kiti cha nyuma. Namshukuru Mungu kwamba nilimwona Kogo siku ile. Hakuwa amekosea mtu. Alikuwa amesimama kando ya barabara asubuhi nzima, akiyatazama magari yote yakipita, kibuyu hajakifungua.