Nilivyoharibu kwa wivu jaribio la mwarobaini la shoga yangu

Wakuu, salamu kwenu, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, humu huwa nasoma tu. Leo naandika, na sipunguzi neno hata pale panaponiaibisha.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kwenye maabara ndogo ya malaria pale Malindi, Unguja. Kazi yangu kuangalia damu za watu kwenye hadubini. Nilikuwa msichana pekee, na nilikuwa najiona. Daktari wetu akipata damu ya kutatanisha, jina linaloitwa ni langu.

Halafu akaja Mwanakheri kutoka Makunduchi.

Miezi miwili tu, jicho lake likanipita. Mimi nikiona vimelea vitatu, yeye keshaona cha nne kimejificha pembeni. Jina linaloitwa likawa lake. Wakuu, nilifika pahala hata akicheka naudhika.

Na alikuwa ananipenda, hilo ndilo baya zaidi. Akienda kwao ananiletea muhogo, ananiita shoga.

Siku moja akamwambia daktari anataka kupima majani ya mwarobaini. Kwao walikuwa wakinywa maji yake wakishikwa na homa. Daktari akasema sawa, na jani likionyesha kitu, nafasi ya kwenda kusoma Dar ni yako.

Nafasi ile nilikuwa naisubiri mimi.

Niwaeleze kidogo. Kimelea cha malaria kikiwa kichanga ndani ya damu kinaonekana kama kipete. Weka damu ile kwenye kichupa, tia sukari kidogo, ipe joto la mwili. Kufika kesho yake kipete kimenenepa, kimeingia weusi, kinaanza kugawanyika. Dawa ikiwemo, kinakwama pale pale kwenye upete.

So unakuwa na vichupa viwili, kimoja kina maji ya mwarobaini, kingine hakina. Kisicho na dawa lazima vimelea vyake vikue. Visipokua, jaribio limekufa.

Sasa kasha letu la joto lilikuwa limeharibika. Mwanakheri akasema, "Mwili wa mtu una joto lake. N'tavifunga kibindoni." Daktari akacheka, akakubali. Akavifunga kiunoni, kwenye pindo la kanga.

Kabla ya adhuhuri akaletewa habari mama yake kazidiwa. Akavifungua, akanifungia mimi kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Shoga, n'shikie mpaka kesho. Usivivue."

"Nenda, n'tavitunza."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni mwa Mwanakheri nilikuwa mimi.

Nilipofika nyumbani nikakitoa kile kisicho na dawa, nikakichomeka kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, penye baridi. Kile cha mwarobaini nikabaki nacho kiunoni. Asubuhi nikavifunga vyote viwili, nikaenda kazini.

Daktari akatazama. Kwenye mwarobaini, vipete vile vile. Bila mwarobaini, vipete vile vile.

"Siwezi kusema jani limezuia kitu," akasema. "Hata visivyo na jani havikukua."

Mwanakheri alirudi siku ya tatu, mama yake kapata nafuu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shoga, n'mekosea wapi?"

Nikamjibu, "Labda sukari hukutia."

Akasema, "Basi n'takuwa n'mesahau." Akalia pale pale mbele yangu.

Mwisho wa mwezi akaacha kazi. Alisema damu za watu hazimfai mtu msahaulifu. Dar nikaenda mimi.

Juzi mjukuu wangu anayesomea ufamasia kaniambia wataalamu wameona, huko maabara, kuna kitu ndani ya mwarobaini kinachozuia kimelea kukua. (Msije mkaacha hospitali mkachemsha majani, kichupa si mwili wa mtu.)

Wakuu, kilichonijia kwanza hakikuwa toba. Ulikuwa wivu. Miaka yote hii, na bado nimemwonea kijicho kwa kuwa alikuwa sahihi.

Nilichojifunza ni kwamba wivu haukunipa jicho lake. Nilirudi na cheti, na vimelea vya pembeni viliendelea kunipita.

Mwanakheri yu hai, yuko kwao, ana wajukuu. Mpaka leo anaamini alisahau sukari.

Nimwendee nimwambie? Au kwa umri huu nitakuwa najitua mzigo ili nimtwike yeye? Wenye busara semeni. Wenye matusi pia, nayastahili.